Ushiriki wa Mwanafunzi katika Chuo Kidogo: Mtazamo kutoka Magogoni

Utangulizi

Makala haya yanahusu swali ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulizungumza pembeni, mkutano ukishamalizika na viti vikirudishwa darasani. Kwa nini orodha ya wanachama wa chama chetu ni ndefu ilhali watendaji ni wale wale watano wa kila mwaka? Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba chuo ni kidogo: idara ina wahadhiri wachache, bajeti ni finyu, na vyuo vikubwa vya Nairobi, Eldoret na Dar es Salaam vimetutangulia kwa kila kitu. Tunanuia kulipinga jibu hilo. Udogo wa chuo haujawahi kuwa kizuizi kikuu cha kazi ya wanafunzi, na historia ya fasihi yetu yenyewe inathibitisha hivyo. Kizuizi kiko katika maana tunayoipa dhana ya ushiriki, na katika saa na mahali tunapopanga shughuli zetu.

Mfano wetu mkuu ni mwanafunzi anayeishi Magogoni. Msomaji wa Tanzania akilisikia jina hili atafikiria Ikulu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Magogoni ya makala haya iko Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, na ni mojawapo ya wadi za eneo bunge hilo. Jina halina fumbo: ni magogo pamoja na kiambishi cha mahali, kama vile Kengeleni iliyo jirani ilivyopata jina lake kutokana na kengele. Mwandishi wa makala haya amekulia mtaa huo na bado analala huko, kwa hiyo msomaji ana haki ya kushuku kwamba kuna upendeleo kidogo katika yatakayofuata.

Kushiriki na kuhudhuria

Tuanze na neno lenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi shiriki kimetokana na Kiarabu, na mzizi wake umezaa ukoo mkubwa katika Kiswahili: shirika, ushirika, ushirikiano, mshirika, shirikisha. Ukoo huo huo ndio uliotupatia pia ushirikina, kwa maana ya kumshirikisha Mungu na kisichokuwa Mungu, ingawa siku hizi neno hilo limesogea hadi kwa waganga na hirizi. Kiini cha maneno haya yote ni fungu. Anayeshiriki ana fungu lake katika jambo: ametia kitu, au anabeba sehemu ya mzigo, au atadaiwa likiharibika. Mtu anayekuja, akaketi, akasikiliza na kuondoka amehudhuria. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa sababu ni matendo mawili.

Ajabu ni kwamba sisi wenye lugha ndio tuliovichanganya. Katika makongamano mengi ya wanafunzi, mtu hulipa ada, huketi siku mbili, hupigwa picha ya pamoja, na hupewa karatasi iliyoandikwa Cheti cha Ushiriki. Tungekuwa wakweli kwa lugha yetu, karatasi hiyo ingeitwa Cheti cha Mahudhurio. Hatusemi hivyo kwa kejeli tupu. Jina la cheti hufundisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishapokea vyeti vitatu vya namna hiyo huamini, kwa nia njema kabisa, kwamba ameshiriki mara tatu.

Umbo jingine linalostahili kuangaliwa ni shirikishwa. Chunguza taarifa za kamati za wanafunzi na utaona jinsi kauli hii inavyopendwa: wanachama walishirikishwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza watashirikishwa. Hapa kuna mnyambuliko wa usababishi, kisha wa kutendwa. Kuna mtu asiyetajwa anayewafanya wengine washiriki, na hao wengine wanatendwa. Sarufi imeshatoa habari kabla ya katibu kufika mwisho wa sentensi. Mwenye kushirikishwa hana fungu alilolileta mwenyewe, amegaiwa.

Chama cha kina mama na chama cha wanafunzi

Neno chama lina maisha mengine nje ya chuo. Magogoni, kama kwingineko Kenya, mtu akisema "leo nina chama" hamaanishi siasa wala taaluma. Anamaanisha upatu: kikundi cha watu, aghalabu kina mama, wanaotoa fedha kila wiki au kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao kwa zamu. Tanzania wengine huuita mchezo. Utaratibu huu haujaandikwa katika katiba yoyote yenye vifungu na ibara, lakini huendeshwa kwa ukali ambao kamati nyingi za wanafunzi zingeutamani.

Tazama namna unavyofanya kazi. Tuchukulie wanachama 12, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Kila wiki mmoja anapokea shilingi 6,000, na baada ya wiki 12 kila mmoja ametoa kiasi alichopokea. Kwa hesabu tupu hakuna aliyepata faida. Faida iko katika kupata fedha nyingi kwa pamoja, za kununulia kitu ambacho shilingi 500 haziwezi kukinunua, na katika kujua kwamba wapo watu 11 wanaokutarajia. Aliyepokea wiki ya kwanza ana deni la wiki 11. Akitoweka, kila mtu anajua mlango wake. Kwa hiyo zamu za mwanzo hupewa watu wanaoaminika, na mgeni hungoja mwishoni. Hakuna mwanachama wa jina tu. Asiyetoa si mwanachama, na hakuna anayehitaji kutangaza hivyo.

Chama cha wanafunzi kimejengwa kinyume chake. Mtu hujiandikisha siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, hulipa ada mara moja, na kuanzia hapo ni mwanachama hata asipoonekana tena mpaka siku ya uchaguzi. Kinachozunguka si zamu ya kazi. Ni zamu ya vyeo: mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina, mhariri, mratibu wa hiki na kile. Katika idara yenye wanafunzi 40, kamati ya watu 11 ina maana kwamba zaidi ya robo ya watu ni viongozi. Wanaobaki ni hadhira. Chuo kikubwa kinaweza kuumudu mgawanyo huo kwa sababu hadhira yake haimaliziki. Chuo kidogo hakiwezi, na hapo ndipo udogo unapouma kweli.

Sipendekezi kwamba chama cha taaluma kigeuzwe upatu. Hoja yangu ni nyembamba zaidi: kina mama wale wanaelewa kwamba uanachama ni fungu linaloletwa kwa zamu, na lisipoletwa pengo lake huonekana wiki hiyo hiyo.

Mlimani ulipokuwa mdogo

Wanaosema chuo kidogo hakiwezi wangefaa kukumbushwa Dar es Salaam. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kwa kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Miaka ya 1960, kwa kipimo chochote cha leo, kile kilikuwa chuo kidogo.

Sasa hesabu kilichotoka humo. Ebrahim Hussein alikuwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho pale alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 na ambayo hadi leo hakuna mtaala wa fasihi ya Kiswahili unaoweza kuiruka. Penina Muhando, aliyesomea fani hiyo hiyo pale pale, alichapisha Hatia mwaka 1972. Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoka darasani karibuni Rosa Mistika ilipotolewa mwaka 1971. Mulokozi na Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973 wakiwa bado vijana wa chuo, na pamoja na Kezilahabi wakawasha mgogoro wa mashairi huru ambao wahadhiri wetu wanaishi kwao hadi sasa. Wanafunzi wa Kiswahili pale walikuwa na chama, na chama kilikuwa na jarida, Zinduko, ambalo bado linatajwa katika tasnifu.

Tusiwafanye malaika. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, Magogoni ile nyingine, kuupinga mpango wa kujiunga na jeshi la kujenga taifa. Masharti ya mishahara yaliwauma zaidi kuliko jambo jingine, na Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Lile halikuwa kundi la watu waliojitolea kwa wanyonge. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha wanafunzi wenye siasa kali, USARF, ambacho Yoweri Museveni alipata kuwa mwenyekiti wake. Toleo lao, Cheche, lilipewa jina hilo kwa kufuata gazeti la Lenin, likadumu kati ya mwaka 1969 na 1970, kisha likazimwa pamoja na chama chenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili akilifungua leo atagundua jambo la kufedhehesha kidogo: jina ni la Kiswahili, na makala zake kwa sehemu kubwa ni za Kiingereza. Walikuwa wakiandika kuhusu mkulima kwa lugha ambayo mkulima hakuisoma. Wale wa tamthilia, ambao labda walikuwa na makelele machache zaidi, ndio waliofika kijijini.

Jirani zao wa Makerere walifika mapema. Mwaka 1965 wanafunzi wa huko walianzisha kundi la maigizo la kuzunguka, likapita miji na vijiji vya Uganda na Kenya bila kutoza kiingilio, likiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Nairobi ikafuata na kundi lake mwaka 1974. Jambo moja katika mifano hii linatuhusu moja kwa moja: wanafunzi hawakungoja hadhira ije chuoni.

Chama kama tishio

Upande wa Kenya kuna sababu ya kihistoria inayofanya wazazi wengi wamwambie kijana wao, "Nenda usome, mambo ya vyama achana nayo." SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipigwa marufuku baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kikafufuliwa, kikapigwa marufuku tena mwaka 1987. Mwaka huo huo wa 1982 Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Kenyatta na ambaye alikuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka uliotangulia, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katama Mkangi wa Ribe, mtunzi wa Mafuta na mhadhiri wa elimujamii, akamfuata kizuizini mwaka 1986. Kwa hiyo mzazi wa Pwani anayeonya ana kumbukumbu. Hasemi kwa uzembe.

Mambo yamebadilika, japo si yote kwa upande mmoja. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliuondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi. Chini ya marekebisho hayo wanafunzi walichagua wajumbe, na wajumbe ndio waliochagua viongozi. Waliotetea walitaja fujo na fedha za kampeni, na fujo zilikuwapo kweli. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwanafunzi wa kawaida alisogezwa hatua moja mbali na uamuzi. Ndiyo maana chama kidogo cha taaluma, ambacho watu wake wote hutosha katika darasa moja, kimekuwa na thamani ambayo hakikuwa nayo awali. Ni mahali pachache palipobaki ambapo kijana wa miaka 20 anaweza kusimama, kupinga hoja ya mwenzake kwa adabu, na kuona hoja yake ikibadilisha kitu kabla ya saa kuisha.

Saa kumi na mbili jioni

Turudi Magogoni. Mwanafunzi wa huko anayesoma kisiwani, tuseme katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor au katika tawi mojawapo la vyuo vya Nairobi, huamka kabla ya alfajiri, hushika barabara ya Kisauni, hupita Kengeleni na Kongowea, na huvuka Daraja la Nyali pamoja na nusu ya bara yote. Anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani ana safari ya takriban kilomita 60 hadi Kilifi, na wengi hulazimika kupanga chumba huko au kwenda na kurudi kwa matatu, kutegemea nauli na tarehe ya kuingia kwa mkopo wa HELB. Vyuo hivi viwili vilipata hati zao za chuo kikuu kamili Januari 2013. Bado ni vichanga, na vitanda vya bwenini havitoshi kila mtu.

Mkutano wa chama hupangwa saa kumi na mbili jioni. Sababu ni nzuri: mihadhara imekwisha na madarasa ni matupu. Lakini angalia nani anaweza kuwapo. Anayelala bwenini anaweza, na aliyepanga chumba karibu na lango anaweza. Binti wa Magogoni anayetakiwa nyumbani magharibi hawezi, na si kwa sababu wazazi wake ni washamba. Matatu ya saa mbili usiku si ya saa kumi, nauli hupanda, na barabara ya kutoka stendi hadi mlangoni ina giza. Kijana wa kiume anaweza kuchelewa bila kuulizwa sana, ila yeye huenda anamsaidia mjomba dukani jioni, na fedha hiyo ndiyo nauli ya kesho.

Hawa ndio huandikwa katika taarifa ya mwaka kuwa wanachama wasio hai. Nimewahi kuisikia kauli hiyo ikisomwa mbele ya watu, katika chuo ambacho sitakitaja, na aliyekuwa ameketi kando yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Kisauni, akaninong'oneza: "Dada, mimi ni hai mpaka saa kumi na moja." Alicheka. Sikuona la kuchekesha sana.

Kezilahabi ana riwaya, Kichwamaji ya mwaka 1974, ambayo mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini likizoni na kushindwa kupata mahali pake miongoni mwa watu wake. Tumezoea kumfundisha Kazimoto kama mfano wa utengano wa msomi na jamii. Mwanafunzi wa Magogoni hajapata nafasi ya kutengana. Kila jioni anashuka stendi, anamsalimu mzee wa barazani kwa shikamoo, anatumwa unga, anaulizwa mtihani ulikuwaje na watu ambao hawajui mtihani wenyewe ni wa nini. Huu ni usumbufu, nakubali. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha na fasihi ni utajiri ambao mwenzake wa bwenini huutafuta kwa barua ya utafiti iliyopigwa muhuri.

Kisauni kama maktaba

Ni kawaida kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi kusafiri hadi Lamu kutafuta data. Lamu inastahili. Lakini kuna tabia ya kuamini kwamba data huanza pale nauli inapokuwa kubwa, na tabia hii imeufanya mtaa wa Kisauni usisomwe na wanawe.

Chukua Kengeleni. Mwaka 1875 Wamisionari wa CMS waliweka hapo makazi ya watumwa waliokombolewa, yakaitwa Freretown kwa jina la Bartle Frere. Kengele yenyewe iliyolipa eneo jina ipo hadi leo kando ya barabara, na kila siku maelfu hupita wakiitaja kwa makanga bila kuifikiri. Kutokana na makazi hayo alitoka James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934 na ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ndefu ya Kiswahili yaliyoandikwa na Mwafrika kwa hati za Kirumi. Hapo hapo Freretown palikuwa na chuo kidogo cha thiolojia. Mwaka 1930 kilihamishiwa Limuru, na ndicho kilichokua hadi kupata hati mwaka 2007 kwa jina la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Kwa maneno mengine, Kisauni iliwahi kuwa na chuo kidogo, kikaondoka, kikawa chuo kikuu kwingine. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kilichoko umbali wa nauli moja kutoka Kengeleni na ambacho hakijawahi kuwapeleka wanachama wake kukisoma kitabu cha Mbotela kwa sauti chini ya kengele ile, kina kazi inayokingoja.

Kisha kuna lugha. Mwanafunzi wa Mombasa aliyelelewa na bibi yake husema nti, mato na ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema nchi, macho na njia. Akifika chuoni hujifunza haraka kuyaficha maneno hayo. Nimeshuhudia akisahihishwa hadharani, mbele ya wenzake, kana kwamba amekosea, na wiki mbili baadaye darasa lile lile likachambua shairi la Muyaka bin Haji na kuyasifu maneno yale yale kuwa ni ladha ya Kimvita. Uamuzi wa kukifanya Kiunguja msingi wa usanifishaji ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928, na mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa. Mwandishi huyu hadai uamuzi ule utanguliwe. Usanifishaji umetupa vitabu, mitihani na ajira. Ila chama cha wanafunzi hakina mtihani wa kutunga. Kinaweza kuwa mahali ambapo lahaja inasemwa bila kuomba radhi, na inaandikwa kabla wanaoijua hawajaondoka.

Kuhusu kuandika, tuna mfano wa karibu. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki karibu mwaka 1840, hayakutufikia kwa bahati. Yalikusanywa kutoka vinywani mwa watu miongo kadhaa baada ya kifo chake na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa Hichens. Mwalimu Sikujua hakuwa na chama wala cheo. Alikuwa na kalamu, subira, na wazee waliomwamini. Karne moja baadaye Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa shule, alifanya kazi ya jamii hiyo kwa diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, iliyotoka mwaka 1971. Wote wawili walikaa mahali pao na kuwasikiliza watu wao. Hapa kitenzi shiriki kinarudi katika maana yake: kila mmoja alileta fungu.

Magogoni ya leo ina nini cha kukusanywa? Ina nyimbo za harusi ambazo kina mama huzitunga papo kwa papo kumsuta jirani bila kumtaja. Ina lugha ya makanga na ya vijana wa maskani, ambayo hubadilika kwa kasi kiasi kwamba neno la mwaka juzi tayari linachekwa. Ina vitendawili, ina majina ya utani ya mitaa, ina mazishi yenye utaratibu wake wa maneno. Binti anayetakiwa nyumbani magharibi anaweza kuyakusanya haya akiwa nyumbani magharibi, kwa simu yake ya mkononi, akishaomba ruhusa ya wenyewe. Kizuizi kilichomtoa katika mkutano kinamweka katikati ya kazi.

Kamati, mazoezi ya kufundisha na kumbukumbu

Limebaki jambo la kiutendaji ambalo halipendezi kulijadili lakini ndilo linaloua vyama vingi. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya husomea ualimu, na kwa kawaida huenda kwenye mazoezi ya kufundisha karibu na mwisho wa masomo yao, mara nyingi wakiwa mwaka wa tatu. Mwenyekiti huchaguliwa akiwa mwaka wa tatu kwa sababu ya heshima ya umri. Muhula mmoja baadaye yuko katika shule ya sekondari Kwale au Taita, ana vipindi, na anakaguliwa. Akirudi anakabiliwa na mitihani ya mwisho. Chama kimemkosa katika muhula ambao kilimhitaji, na nenosiri la baruapepe ya chama limekwenda naye.

Katika chuo kikubwa kuna wa kuziba pengo. Katika chuo kidogo, mwaka mmoja wa namna hiyo hutosha: kumbukumbu za mikutano hupotea, tungo zilizokusanywa hubaki katika simu iliyouzwa, na kamati mpya huanza kwa kutunga katiba upya kana kwamba hakuna aliyetangulia. Nimeona katiba tatu za chama kimoja, na zote zina kifungu cha kwanza kilichoandikwa kwa ufasaha mkubwa.

Maoni yetu ni kuwa kazi ya uhariri na uhifadhi wapewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, ambao wana muda mrefu mbele yao, na wa mwaka wa tatu na wa nne wabaki washauri. Daftari moja la karatasi, lenye jina la kila aliyeleta kitu na tarehe aliyokileta, liwekwe katika ofisi ya idara na nakala yake maktabani. Kamati ipunguzwe hadi watu watatu. Wengine wote wapangiwe zamu, kama upatu: wiki hii fulani analeta methali tatu za mtaa wake na mazingira aliyozisikia, wiki ijayo mwingine anasoma ukurasa mmoja wa tafsiri, wiki inayofuata mwingine anatetea shairi lake huru mbele ya wapenda vina. Mwenye zamu asipofika, jina lake libaki wazi katika daftari, bila faini na bila hotuba.

Kuhusu saa, mkutano wa katikati ya wiki uwe saa saba mchana, baada ya chakula, usizidi dakika 40. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi saa nne asubuhi, chama kitoke lango la chuo na kikutane mtaani kwa mmoja wa wanachama, kwa zamu, mwenyeji akiwa na mzee mmoja aliyekubali kuulizwa maswali. Gharama ni nauli, maji ya kunywa, na mahamri kwa mbaazi ikiwa mwenyeji ana moyo. Wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo tangu mwaka 2022 huadhimishwa tarehe 7 Julai, daftari la mwaka lisomwe hadharani, kila mtu akisoma alichokileta mwenyewe. Kwa upande wa Kisauni, kikao cha kwanza kinaweza kufanyika Kengeleni, nakala ya Mbotela ikiwa mkononi, na baada yake tukatembea kwa miguu hadi Magogoni, ambako tayari kuna bibi mmoja aliyekwisha kuuliza ni lini tutakuja, na kama tutakuwa wengi kuliko vikombe vyake.